Kosa la Kukaribisha Chakula huko Kilamtu

Ukikutana na mtu anayejigamba kwamba ameimaliza dunia kwa kutembea, muulize kama amewahi kula Kilamtu. Akikujibu kwamba alikula na wenyeji wakamkirimu, achana naye, mwongo huyo. Kilamtu hakuna anayekula na mtu. Bi Sechelela, mkulima wa zabibu wa Hombolo, alifika huko mwenyewe, na yaliyomkuta ndiyo haya.

Safari yenyewe tusiisumbukie. Safari zote ndefu ni vumbi na miguu kuuma. Cha kujua ni kilichompeleka. Mama yake alifariki baada ya mavuno, akiwa na akili zake timamu, na kabla hajakata kauli aliacha neno moja: "Msinivunjie matanga mpaka Sechelela na Ndahani wale sahani moja." Sechelela ndiye kifungua mimba wake. Ndahani ndiye kitinda mimba, aliyeondoka nyumbani miaka thelathini nyuma na hakuonekana tena. Neno la marehemu halipingwi. Basi matanga yakakaa mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Mashangazi watatu waliokuja na mikeka yao kulala msibani siku tatu walikuwa bado wametandika sebuleni, wakimaliza uwele wa watu na kulalamika kwamba chai haina tangawizi. Hakuna aliyethubutu kuoa, kupaka nyumba chokaa, wala kucheka kwa sauti.

Ndipo habari zikaja kwamba Ndahani yuko Kilamtu na ana cheo. Sechelela hakungoja kuambiwa mara mbili. Alijaza dumu la lita tano kwa divai ya zabibu alizopanda marehemu mwenyewe, akamfunga jogoo miguu, akashika njia. Asubuhi ya kuvuka mpaka alipika kwa mwenyeji wake wa mwisho: jogoo akakaangwa na vitunguu, ukasongwa ugali wa uwele, ukapikwa mlenda. Vyote akavitia kwenye hotipoti ili mdogo wake avikute vya moto.

Saa nne asubuhi alikuwa kwenye foleni ya mpakani, na njaa ikambana. Akafunua hotipoti amege kidogo. Harufu ikatoka. Afisa wa mpaka, bwana mwembamba mwenye sare iliyopigwa pasi ikapigika, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Sechelela alilelewa na watu. Akasema bila hata kufikiri:

"Karibu, baba, tule."

Muhuri ukamdondoka afisa mkononi.

"Mama, umesema nini?"

"Nimesema karibu. Kuna kuku, kuna mlenda. Nawa mikono."

"Usirudie!" Afisa akatazama huku na huku. "Mara ya kwanza ni kosa la ulimi. Ya pili ni kosa la moyo, na hilo lina kifungo."

"Kwani kwenu mtu akikukuta unakula, unamwambiaje?"

"Namwambia ageuke."

Angeweza kulimaliza jambo pale pale, maana alikuwa mtu mwema, lakini watu watatu kwenye foleni walikuwa wamesikia na mmoja alikuwa ameziba masikio ya mkewe. Basi akapuliza filimbi, akatoa fomu, akaandika: kukaribisha hadharani. Jina lake lilikuwa Jitosheleze. Kwa uaminifu ambao Sechelela alikuja kuuheshimu, aliandika pia kwamba harufu ilipomfikia alimeza mate. Kumeza mate kwa ajili ya chakula cha mwenzio, kwa sheria za Kilamtu, ni kula kwa nia. Wakaondoka pale wawili, mshtakiwa wa kwanza na mshtakiwa wa pili, wa pili akiwa amemkamata wa kwanza.

"Kesi itasikilizwa leo leo," alimweleza njiani. "Kesi za chakula haziahirishwi. Haki ikichelewa, kidhibiti huchacha."

Sechelela akamuuliza nchi ilifikaje hapo, na Jitosheleze akamsimulia kwa heshima, kama mtu anayesimulia ukoo wake. Zamani Kilamtu ilikuwa na meza moja kubwa ukumbini mwa serikali, na siku ya sikukuu nchi nzima ilikula hapo kwa zamu. Mwaka mmoja wakaalikwa mawaziri wawili wa cheo kimoja, wa Mashariki na wa Magharibi, na mpishi akachinja kuku mmoja. Kuku ana firigisi moja. Firigisi, kama kila mtu ajuavyo, hupewa mkubwa. Mawaziri wakatazamana. Vita ikachukua miaka saba.

Ilipokwisha, iliundwa kamati ya kutafuta chanzo. Ilikaa miezi kumi na minne na kula posho yake yote. Ikagundua kwamba kosa halikuwa la mawaziri, ambao walikuwa wajumbe wa kamati. Halikuwa la mpishi, kwa sababu alikwishakufa vitani, wala la kuku, kwa sababu hiyo hiyo. Kosa lilikuwa la meza. Meza ikakamatwa, ikasomewa mashtaka, ikashindwa kujitetea, ikakatwa kwa msumeno vipande vya kutosha sahani moja moja. Kila raia akapewa kipande chake akakipigilia ukutani nyumbani kwake, na tangu hapo Mkilamtu hula akiwa ameutazama ukuta.

"Na hamna vita tena?" akauliza Sechelela.

"Hatuna. Hatuna hata maongezi."

Mji mkuu wao unaitwa Ukutani, na ni mji safi. Nje ya kila mlango Sechelela aliona picha kubwa iliyochorwa kwa rangi: samaki wa kupaka, pilau, maandazi yaliyopangwa kama askari. Mwenye nyumba hutundika picha ya mlo wake wa siku ile ili majirani wapite, watikise kichwa kwa kusifu na waende zao. Chakula chenyewe hakionjwi na mwingine kamwe. Matokeo yake, kila mtu Kilamtu anaamini kwamba yeye ndiye mpishi bora nchini, na hakuna wa kumbishia. Sechelela alihesabu vibao ishirini na sita vilivyoandikwa "Bingwa wa Mapishi" kwenye mtaa wenye nyumba ishirini na sita.

Harusi wanazo. Bwana harusi hulishwa kwenye chumba kimoja na bibi harusi kwenye kingine, na katibu kata husimama katikati akitangaza kwa kipaza sauti: ameinua, ametafuna, amemeza, na wageni hupiga makofi kila mmoja akiwa kwake. Divai wanayo vilevile, tena nzuri. Hugonga glasi zao ukutani na kusema, "Kwa afya yangu!" Habari ya mama na mtoto wake mchanga iliwasumbua sana. Bunge lilijadili siku arobaini kama kunyonyesha si kushirikiana mlo, mpaka mbunge mmoja mjanja akatoa hoja kwamba maziwa ni mali ya mtoto, mama anamtunzia tu. Hoja ikapita kwa kura moja.

Kidhibiti kilipaswa kusajiliwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Milo. Ofisi yake ilikuwa na meza ya upana wa sahani iliyopigiliwa ukutani, na Mkaguzi ameketi akiwapa mgongo wote wanaoingia. Jitosheleze akapiga saluti kwenye huo mgongo, akasoma mashtaka. Sechelela akasema tu, "Hodi humu ndani."

Mgongo ukanyooka.

"Shikamoo, dada," ukasema ukuta, au ndivyo ilivyosikika.

"Marahaba, Ndahani. Geuka basi nikuone."

Akageuka polepole. Alikuwa amenawiri, mashavu yamejaa, kama mtu ambaye hajanyang'anywa kitu siku nyingi. Lakini macho yalikuwa yale yale. Sechelela akamwambia habari za mama, na Ndahani akashika ukingo wa kile kimeza kwa mikono miwili. Hakuwa amejua. Jitosheleze, kwa adabu ya kwao, alitoka akasimama nje. Alipokwisha kufuta uso, Ndahani akauliza mama alisema nini mwisho, na Sechelela akampa lile neno kama lilivyo.

Ndahani akaugeukia tena ukuta.

"Siwezi, dada."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyote viwili. Mimi ndiye ninayewakagua wengine wasifanye hilo." Akainamisha kichwa, kisha maneno yakamtoka kwa haraka, kama yalikaa foleni miaka yote hiyo. "Unalikumbuka sinia la kwetu? Watoto tisa, sisi na wa baba wadogo. Mikono tisa, na wangu ndio mdogo. Mpaka nipulize tonge langu lipoe, mboga imeisha. Mnacheka. Mnaniita Mpulizaji. Nilipofika hapa nikakuta nchi ambayo mtu hupewa chake na hakuna anayeingiza mkono. Nililia kwa furaha, dada. Huu ukuta haujawahi kuninyang'anya mnofu hata siku moja."

Sechelela alikuwa na majibu ya kila kitu tangu utotoni, lakini haya yalikuwa kweli. Hata yeye alikuwa akicheka. Akasema polepole, "Pole, mdogo wangu," na kengele ya mahakama ikagonga.

Hakimu alikuwa Bi Tahadhari, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutilia shaka. Ukumbi ulijaa. Hakuna aliyekuwa amesikia mtu akishtakiwa kwa kosa lile tangu sheria itungwe, na wazee walikuja na wajukuu zao ili waone sura ya mtu aliyekaribisha. Hotipoti iliwekwa mbele na dumu likawekwa kando yake.

Jitosheleze alisimama kwanza kama shahidi, kisha akavua kofia akasimama kama mshtakiwa. Alieleza kwamba mate yalimtoka yenyewe. Bi Tahadhari akamuuliza kama aliyameza kwa makusudi. Akajibu kwamba kuyatema mbele ya mgeni kungekuwa utovu wa adabu. Ikazuka hoja ndefu kuhusu mate, kama ni mali ya mtu au ni mwitikio wa chakula cha mwenzio, na makarani wakaandika kurasa kumi na moja. Hotipoti ilikuwa ikipoa. Mwisho hakimu akamgeukia Sechelela.

"Mshtakiwa wa kwanza, hukanushi?"

"Sikanushi, Mheshimiwa. Nilimkaribisha. Na wewe ungenikuta nakula ningekukaribisha."

Mnong'ono ukapita ukumbini. Bi Tahadhari akabadilisha miwani.

"Hebu iambie mahakama. Ukila na mtu, unapata nini ambacho huwezi kukipata ukutani?"

Sechelela akafikiri. Hakuwahi kuulizwa swali hilo, kama vile hakuwahi kuulizwa kwa nini anapumua.

"Mheshimiwa, mimi nalima zabibu. Divai nikiinywa peke yangu, nalewa. Nikiinywa na watu, naongea. Kuku nikimla peke yangu, namaliza njaa. Nikimla na wenzangu, maneno yananikatiza, huyu ananichekesha, yule ananichokoza, naacha tonge mkononi mpaka linapoa. Nikinyanyuka pale sijui nimekula kiasi gani. Najua nilikaa na nani."

"Na firigisi?" ikauliza sauti kali kutoka nyuma.

"Firigisi ikatwe," akasema Sechelela. "Kisu si mnacho?"

Kwa miaka yote hiyo, nchi ile iliyoikata meza haikuwa imefikiria kuikata firigisi. Watu walitazamana, wakatazama chini. Bi Tahadhari akagonga meza yake ndogo kuita utulivu, ingawa hakuna aliyekuwa akipiga kelele.

Akafungua kitabu cha sheria, akasoma kifungu cha kumi na moja: kidhibiti kitaonjwa na Mkaguzi Mkuu na mshtakiwa kutoka chombo kimoja, kwa wakati mmoja, ili pasitokee shaka ya sumu; na Mkaguzi ataendelea kuonja mpaka aridhike.

"Nani alitunga kifungu hiki?" akauliza.

"Mimi, Mheshimiwa," akasema Ndahani. "Nilidhani hakitatumika."

Sheria ni sheria. Kwa ajili ya heshima ya ukumbi, hakimu aliamuru wote wageukie ukutani, na watu mia tatu wakageuka kwa mkupuo mmoja. Yeye mwenyewe akageuka pia, kisha akaomba aletewe kioo cha mkononi, akisema haki haiwezi kusimamiwa kisogo.

Dada na kaka wakaketi sakafuni, hotipoti katikati. Sechelela akapakua ugali na kuku kwenye sahani moja. Alijua jinsi mambo yatakavyokwenda. Ndahani akichovya ncha ya kidole na kusema neno moja tu, "nimeridhika," sheria itakuwa imetimia, na neno la mama litabaki hewani, maana kuonja si kula. Na kweli, Ndahani alichovya ncha ya kidole kwenye mchuzi, akakilamba kama mtu anayepima dawa.

Akakunja uso.

"Hiki umekitia nini?"

"Chumvi, Ndahani."

"Chumvi!" Akafikiri. "Sisi tulikuwa tukiitia. Sijui tuliiacha lini. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Angelalamika nani?"

Ndahani akapangusa kidole, akainua kichwa kumtazama hakimu kwenye kile kioo, akafungua kinywa kusema lile neno. Sechelela alikuwa ameshakata tamaa. Lakini mkono una akili zake. Wakati yeye akiwaza jinsi atakavyowaeleza mashangazi, mkono wake wa kulia ulimega mnofu wa paja na kuuchomeka chini ya ugali, upande wa mdogo wake, na kuusukuma ndani kwa dole gumba.

"Nimeri..." akasema Ndahani, akaacha. "Dada. Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Hapo chini ya ugali."

Sechelela akatazama mkono wake mwenyewe. "Aa. Mazoea tu. Nilikuwa nakuwekea."

"Ulikuwa ukiniwekea lini?"

"Kila siku. Wewe ulikuwa unapuliza mno, na mimi nilikuwa nacheka na wenzangu ili wasiangalie mkono wangu. Kwani ule mnofu uliokuwa ukiukuta ulidhani umeota?"

"Nilidhani ni bahati yangu," akasema Ndahani. "Nilidhani wamesahau. Sikumwambia mtu, niliogopa wakijua wataanza kuutafuta na wao."

Akainama juu ya sahani, akalia waziwazi, mbele ya mahakama nzima iliyokuwa imempa mgongo. Sechelela naye akalia, na hakuona haya. Kisha Ndahani akanawa mikono, akakunja mikono ya koti la serikali, akafunua ugali, akautoa ule mnofu. Aliukata katikati. Nusu akaila, nusu akaiweka upande wa dada yake.

Baada ya hapo ukaguzi ukaendelea kama ukaguzi unavyopaswa kuendelea. Kikombe kilikuwa kimoja, wakapokezana. Ndahani alipopata divai mara ya kwanza alitaka kusema "Kwa afya yangu," akatafuta ukuta wa kugonga, hakuupata. "Kwa mama," akasema Sechelela, na akanywa yeye kwanza. Wakaongea. Ndahani akataka habari za mashangazi, akaambiwa habari ya mikeka na tangawizi, akacheka mpaka mlenda ukamponyoka na kumchora mstari kidevuni. Kicheko hicho kikawafikia watu mia tatu walioangalia ukuta. Wengine walisema baadaye kwamba hawajui ni harufu iliyowashinda au ni kicheko, ila shingo ziliwauma sana.

Saa moja ikapita. Jitosheleze akainua mkono bila kugeuka.

"Mheshimiwa, mimi nimeshtakiwa kwa kula kwa nia. Naomba niruhusiwe kulikamilisha kosa, ili mahakama ipate kulihukumu zima."

Bi Tahadhari alilitafakari ombi hilo kwa muda mfupi kuliko maombi yote aliyowahi kuyatafakari. Akasema mahakama haihukumu nusu ya kosa. Jitosheleze akafika akaketi, akapewa kidari. Baada ya kikombe cha tatu hakimu mwenyewe akateremka na kioo chake, akieleza kwa sauti, ili iandikwe, kwamba hakimu hawezi kutoa uamuzi juu ya divai asiyoijua.

Hukumu ilitolewa alasiri. Bi Sechelela alipatikana na hatia, akaonywa, akaachiwa huru. Jitosheleze alionekana kuwa amejutia, hasa kwamba mapaja yalikuwa mawili tu. Sheria ya Kilamtu haikufutwa, na mtu asije akakudanganya kwamba ilifutwa; nchi kama ile haifuti sheria. Ila kufikia Ijumaa maombi ya kazi ya ukaguzi yalizidi idadi ya watu wazima mjini, kwa kuwa baadhi waliomba mara mbili, na kila nyumba ikaanza kukaguliwa na nyumba ya jirani, mchana na jioni, kutoka chombo kimoja. Nyumba nyingi zilibainika kuwa hazina chumvi.

Taarifa ya Mkaguzi Mkuu imehifadhiwa katika masijala yao, na Sechelela aliisoma kabla haijapigwa muhuri. Ni fupi. Kidhibiti: kuku, ugali, mlenda na divai. Sumu: hakuna. Mapungufu yaliyoonekana: kimekwisha. Ombi la Mkaguzi: ruhusa ya kwenda Hombolo na dada yake, kuvunja matanga ya mama. Tarehe ya kurejea kazini: akishiba.